Akili Nyingi Zisigeuzwe Kigezo cha Kuwagawa Wanafunzi wa Sekondari

Nadharia ya akili nyingi, yaani wazo kwamba mtu ana akili za aina kadhaa badala ya uwezo mmoja tu, imezoeleka sana katika mazungumzo ya walimu wa sekondari nchini Tanzania na Kenya. Inafundishwa vyuoni, inatajwa kwenye semina za kazini, na wazazi nao wameanza kuirudia wanapoelezwa kwa nini mtoto aliyepata alama za chini katika Hisabati anang'ara kwenye kwaya au uwanjani. Nchini Kenya imeingia hadi kwenye Mfumo wa Mtaala wa Elimu ya Msingi wa mwaka 2017, ambako mwasisi wake, Howard Gardner, ametajwa miongoni mwa wanazuoni ambao mawazo yao yameujenga mtaala wa umilisi, yaani unaotazama kile mwanafunzi anachoweza kufanya. Wazo lenyewe linampa mtoto heshima, na ndiyo sababu limependwa. Hata hivyo, kadiri ninavyosikiliza namna linavyotumika shuleni, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tumelishika upande wake dhaifu na kuuacha upande wenye manufaa. Tunalitumia kuwapambanua wanafunzi, huyu wa vitabu na yule wa mikono, wakati faida yake kubwa iko katika kubadili namna tunavyofundisha na kupima somo lilelile kwa wanafunzi wote.

Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliitoa nadharia hiyo katika kitabu cha mwaka 1983, akipingana na desturi iliyokuwa imeota mizizi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1904 Charles Spearman wa Uingereza alionyesha kwamba wanafunzi wanaofanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine pia, akahitimisha kwamba nyuma ya alama zote kuna uwezo mmoja wa jumla. Mwaka uliofuata Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza huko Paris jaribio la kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada darasani. Binet mwenyewe hakuamini kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika, lakini waliomfuata, hasa Marekani, waliligeuza jaribio hilo kuwa namba moja ambayo mtu hubandikwa maisha yake yote. Gardner alikuwa amefanya kazi na wagonjwa waliojeruhiwa ubongo katika hospitali ya maveterani ya Boston, na huko aliona kwamba jeraha linaweza kuharibu uwezo mmoja, kwa mfano lugha, likauacha mwingine karibu mzima. Kutokana na ushahidi wa aina hiyo alitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hisabati, ya maumbo na nafasi, ya muziki, ya mwili na mijongeo, ya kuwaelewa watu wengine na ya kujielewa mwenyewe. Katika miaka ya 1990 aliongeza ya nane, ambayo ni uwezo wa kutambua na kupambanua viumbe na mambo ya asili.

Ni haki msomaji aelezwe wazi kwamba wanasaikolojia wengi hawaikubali nadharia hii kama maelezo ya kisayansi ya ubongo. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Beth Visser walizipima akili zote nane kwa majaribio tofauti wakakuta kwamba nyingi kati ya zile zinazohusu kufikiri zinaambatana, kama Spearman alivyosema miaka zaidi ya 100 iliyopita. Ni chache tu, kama ile ya mwili na ile ya muziki, zilizojitenga kwa kiasi cha kuonekana. Mwaka huohuo Lynn Waterhouse alichapisha uhakiki mkali akisema kwamba ushahidi wa kutosha wa kuziunga mkono akili hizo haujapatikana. Gardner naye amelazimika kujitenga na baadhi ya matumizi ya jina lake: mwaka 2013 aliandika kwamba akili nyingi hazina uhusiano na mitindo ya kujifunza, yaani ile imani kwamba kuna mwanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kugusa, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Imani hiyo ilikuwa tayari imepekuliwa mwaka 2008 na Harold Pashler na wenzake, ambao hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaodhaniwa kuwa wake kunamfanya ajifunze zaidi. Kwa hiyo dodoso za kurasa mbili ambazo baadhi ya shule huwapa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, wakizijaza kwa nusu saa na kuondoka na jina la aina ya akili zao, hazina msingi wowote. Zinamweleza mwanafunzi kile anachokipenda wakati huo, tena katika umri ambao mapenzi hayo yanabadilika kila muhula.

Kama hali ndiyo hiyo, kwa nini tusiiache nadharia yenyewe? Sababu yangu ni kwamba swali lake lina uzito hata pale jibu lake linapoyumba, na baadhi ya ushahidi mzuri zaidi unaoonyesha uzito wa swali hilo ulikusanywa hapa kwetu Afrika Mashariki, na walimu wetu hawausikii.

Mwaka 2001 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa Kijaluo wa miaka 12 hadi 15 katika eneo la Usenge, karibu na Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Minyoo na maradhi mengine ya vimelea ni ya kawaida huko, na watoto hujua majani na mizizi mingi ya kujitibia. Watafiti waliwapima ujuzi huo: dawa ipi inatoka kwenye mmea upi, inatibu nini, inatumiwa kwa kiasi gani. Kisha wakawapima msamiati wa Kiingereza na masomo ya shule. Wengi tungetarajia kwamba mtoto mwerevu angefanya vizuri pande zote mbili, au angalau kwamba pande hizo zisingehusiana kabisa. Ikawa kinyume. Waliojua dawa nyingi zaidi walielekea kupata alama za chini zaidi katika vipimo vya shule, na waliong'ara shuleni walielekea kujua dawa chache. Maelezo waliyoyatoa watafiti yanaingia akilini kwa yeyote aliyekulia kijijini: familia inayotarajia mtoto asifike mbali kimasomo humwekeza katika maarifa ya nyumbani, na familia inayotarajia aendelee humwondolea muda wa maarifa hayo. Mtoto ambaye shule inamwita mzito anaweza kuwa ndiye anayeaminiwa na nyumba nzima mdogo wake anapougua usiku. Timu hiyohiyo iliwauliza watu wa jamii ile mtoto mwenye akili ni wa namna gani, na majibu yakagawanyika katika sifa nne: rieko, yaani maarifa na ujuzi; luoro, yaani heshima; paro, yaani kujituma na kuanzisha jambo; na winjo, yaani kuelewa namna ya kukabili matatizo ya maisha. Kati ya hizo nne, ni rieko pekee iliyoendana na alama za shule. Sifa tatu ambazo wazazi wanazihesabu kuwa akili kamili hazina safu kwenye fomu ya matokeo.

Utafiti wa pili ulifanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 2002. Watoto wa shule za msingi wa miaka 11 hadi 13 walipewa maswali ya kupanga vitu katika makundi, ya kufikia hitimisho kutokana na kauli mbili, na ya kuuliza maswali machache ili kugundua kitu kilichofichwa. Baada ya jaribio la kwanza, sehemu kubwa ya watoto ilifundishwa kwa muda usiofika hata saa moja mbinu za kuyakabili maswali hayo, kisha wote wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda alama. Lililo zito zaidi kwangu ni kwamba mpangilio wao ulivurugika: alama za mara ya kwanza hazikutabiri vizuri alama za mara ya pili kwa watoto waliofundishwa, wakati kwa wale ambao hawakufundishwa mpangilio ulibaki karibu uleule. Maana yake ni kwamba jaribio la kwanza lilikuwa likipima kwa kiasi kikubwa nani alikuwa amewahi kukutana na maswali ya aina hiyo. Kama somo la chini ya saa moja linaweza kubadili nani yuko mbele na nani yuko nyuma, mwalimu anayemtangaza mwanafunzi kuwa hana akili ya mantiki kwa sababu ya mtihani mmoja wa Februari anajenga juu ya mchanga.

Upo pia utafiti wa Robert Serpell wa mwaka 1979, uliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya Wazambia waliwapita, kwa kuwa walikuwa wamezoea kutengeneza magari ya kuchezea ya waya. Na kwa udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili zilikuwa zimeuzoea, walilingana. Angetumia karatasi peke yake angeandika kwamba watoto wa Kiafrika wana upungufu wa akili ya maumbo, na kuna watu ambao wangeyaamini matokeo hayo hadi leo.

Sasa tuiweke karatasi hiyo katika sekondari ya Tanzania, kisha tuiongezee lugha ambayo mtoto haijui vizuri. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili. Akifika Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote yanahamia kwenye Kiingereza, na kuanzia hapo Baiolojia, Jiografia na Fizikia zote zinapimwa kupitia uwezo wake wa kusoma na kuandika lugha hiyo. Tunadhani tunapima akili saba au nane, au hata ile moja ya Spearman, kumbe kipimo kinaishia mlangoni. Anayetaka kuliona hili kwa macho aingie katika shule ya bweni saa mbili usiku wakati wa prepo, yaani kipindi cha kujisomea. Atakuta makundi ya diskasheni, na katika kila kundi mwanafunzi mmoja amesimama ubaoni akieleza kwa Kiswahili kwa nini damu ya mshipa wa mapafu unaorudi moyoni ina oksijeni nyingi ilhali vena nyingine hubeba damu yenye oksijeni kidogo, akichora moyo kwa chaki, akirudia pale anapoona uso wa mwenzake haujakubali. Mwanafunzi huyo anatumia kwa pamoja akili ya maumbo, ya lugha na ya kuwaelewa watu. Asubuhi mwalimu anapouliza swali lilelile kwa Kiingereza, baadhi ya hao waliokuwa wakieleza wananyamaza. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu na una pande zake, na siwezi kuumaliza hapa, lakini hatuwezi kuzungumzia akili nyingi katika sekondari zetu kwa uaminifu tukiwa tumelifumbia macho jambo linaloziba karibu zote.

Matumizi mazuri ya nadharia hii yanaonekana katika mada moja inapofundishwa. Chukua mawimbi ya sauti katika Fizikia. Mwalimu anaweza kuandika kanuni ubaoni, wanafunzi wakainakili, na mambo yakaisha. Anaweza pia kuleta zeze, akawaambia wanafunzi waguse uzi ukiwa mrefu, kisha waubane katikati na kusikiliza sauti inavyopanda. Uzi ukifupishwa hadi nusu bila kubadilishwa mkazo, idadi ya mitetemo kwa sekunde huwa mara mbili. Mwanafunzi mwenye sikio la muziki anaisikia sauti ileile katika ngazi ya juu kabla hajaambiwa kanuni. Halafu inaletwa ngoma ambayo ngozi yake imelegea kwa unyevu, inaoteshwa moto, unyevu unatoka, ngozi inakaza, na mlio unapanda. Kijana ambaye nyumbani kwao wanapiga ngoma za unyago au za harusi amefanya jambo hilo mara nyingi. Sasa anapewa nafasi ya kulieleza na kuulizwa kwa nini. Baada ya hapo wanapima urefu wa uzi kwa rula, wanajaza jedwali, wanachora grafu, na kila mmoja, akiwamo yule mpiga ngoma, anaandika kanuni na kukokotoa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani kumheshimu mwanafunzi wa muziki ni kumwachia aimbe wimbo kuhusu mawimbi huku wenzake wakikokotoa. Huko ni kumnyima Fizikia kwa tabasamu. Muziki ulitumika kumfikisha kwenye hesabu, na hesabu ni haki yake kama ilivyo haki ya mwingine yeyote.

Hali ni hiyohiyo katika Historia, pale wanafunzi wa mikoa ya kusini wanapokwenda kuwahoji wazee kuhusu yale waliyosimuliwa juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kisha wakarudi kulinganisha masimulizi hayo na kitabu. Anayejua kuzungumza na watu ataleta habari nyingi, lakini insha wataandika wote.

Upimaji ndio unaokwamisha juhudi hizi, na walimu wanajua. Matokeo ya Kidato cha Nne hupangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mwanafunzi: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, na kuanzia 34 ni sifuri. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, hatua ambayo naiunga mkono, lakini daraja lenyewe bado ndilo linaloamua nani anaendelea. Muziki na Sanaa za Ufundi zimo kwenye orodha ya masomo yanayotahiniwa, ila shule zinazoyafundisha ni chache. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 darasani, anayepimwa kwa wastani wa ufaulu wa somo lake, hatapoteza vipindi viwili kwa ajili ya zeze kama mtihani utauliza kanuni tu. Ningependa kuona maswali yanayompa mtahiniwa mchoro wa kifaa na kumtaka atabiri kitakachotokea, au ramani ya kijiji na kumtaka achague mahali pa kuchimba kisima na atoe sababu. Maswali ya namna hiyo hayahitaji maabara ya gharama. Yanahitaji mtunzi mwenye muda, na msahihishaji aliyeandaliwa kukubali jibu lililoandikwa kwa sentensi fupi zenye makosa ya sarufi lakini zenye hoja sahihi.

Nimesema kwamba nadharia hii inatumika kuwagawa wanafunzi, na hapa ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili katika sekondari: wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Kenya nayo imewaingiza wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10 katika Sekondari ya Juu Januari 2026, wakigawanyika katika njia tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ufundi ni elimu ya thamani, na nchi zetu zinahitaji mafundi waliobobea. Ninachokipinga ni lugha ya vipaji kutumika kuhalalisha uamuzi uliofanywa kwa sababu nyingine. Nchini Kenya imekuwa ikitajwa shabaha ya asilimia 60 ya wanafunzi kwenda njia ya sayansi, 25 sayansi za jamii na 15 sanaa na michezo. Kama njia inafuata kipaji cha mtoto, hesabu hiyo haiwezi kujulikana kabla watoto hawajafahamika. Na kama inafuata mahitaji ya uchumi pamoja na idadi ya maabara zilizopo, basi mzazi aambiwe hivyo, badala ya kuambiwa kwamba hii ndiyo akili ya mwanawe.

Tunayo historia ya kututahadharisha. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ya mfuko wa hisani wa Marekani, chini ya Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo, ufundi na maisha ya kijiji. Mapendekezo yaliandikwa kwa lugha ya kumjali Mwafrika na mazingira yake, lakini watoto wa walowezi waliendelea kuandaliwa kwa ajili ya vyuo vikuu. Wazazi walilitambua hilo mapema. Shule huru za Wakikuyu zilizoenea katika miaka ya 1930 zilikuwa, pamoja na mambo mengine, madai ya elimu ya vitabu na Kiingereza. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alirudisha jembe shuleni kwa masharti tofauti kabisa: kila mwanafunzi alime na kila mwanafunzi asome, bila kuwapo tabaka la kulima na tabaka la kusoma. Utekelezaji wake ulikuwa na kasoro nyingi, na katika shule kadhaa shamba liligeuka adhabu. Lakini hakuwaambia watoto wa kundi fulani kwamba mikono ndiyo akili yao. Leo tukiziangalia shule zenye maabara na zile zisizo nazo, mtoto wa wilaya ya mbali ambaye hajawahi kuona bunsen, ile taa ya gesi ya maabara, ikiwaka ataonekana kirahisi kuwa hana kipaji cha sayansi, kama yule wa Zambia alivyoonekana hana kipaji cha maumbo mbele ya karatasi.

Kwa sasa uamuzi mkubwa kwa wanafunzi wa mkondo wa jumla nchini Tanzania unafanyika mwishoni mwa Kidato cha Pili, pale wengi wanapoacha Fizikia na Kemia. Katika mkondo wa amali unafanyika mapema zaidi. Kabla fomu ya kuchagua masomo haijatiwa saini, shule iwajibike kuonyesha mambo mawili kwa maandishi: kwamba mwanafunzi amewahi kufundishwa somo hilo kwa njia zaidi ya moja na mwalimu aliyekuwapo darasani, na kwamba amepimwa walau mara moja kwa kazi isiyotegemea insha ya Kiingereza. Mwanafunzi wa amali naye aendelee kupata Hisabati, sayansi na lugha kwa kiwango kitakachomwezesha kuvuka kwenda Kidato cha Tano au chuo cha ufundi akiamua hivyo akiwa na miaka 17, umri ambao maneno yake kuhusu anachokitaka yanaanza kuwa na uzito. Shule isiyoweza kuonyesha mambo hayo mawili isiandike kwenye fomu kwamba mtoto amechagua.